Kitufe cha Kushoto, Juu

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitazitoa mwisho, kama zitabaki.

Jana nimekaa mbele ya kompyuta saa nzima na robo nikikusubiri ucheze, nawe umetoweka katikati ya mechi bila hata kuaga. Nilikuwa nimeshakubana. Namba tisa yangu ilikuwa hatua mbili tu kutoka hazina yako, najua iko pale, nainusa. Mara skrini ikaniandikia, "Mpinzani ameondoka." Hiyo ni mara ya tano katika wiki mbili. Kama ni kompyuta yako, itengeneze. Kama ni wewe unaogopa kufungwa mara ya kumi na tatu mfululizo, sema tu, mimi nitacheka kidogo kisha nikusamehe.

Nisikilize vizuri, maana hili sijakwambia. Daktari wangu ni kijana mwenye mikono laini na maneno laini zaidi. Kila nikimuuliza kama kichwa hiki kilichogongwa na pikipiki kimepona, ananiambia, "Utajisikia mwenyewe, mama." Kujisikia! Mimi ni mfamasia wa wodi ya watoto. Napima dawa ya kichanga kwa sindano nyembamba kama kijiti cha kiberiti, tone likizidi ni msiba. Nitajisikiaje? Nataka kipimo. Kwa hiyo nimejiwekea changu, nacho ni wewe: nikikushinda mechi kumi na tano mfululizo, narudi kazini. Nimeshamwambia mkuu wangu, na amefurahi mpaka amenipangia zamu kuanzia tarehe 7 Aprili.

Nimechoka na nyumba hii. Shangazi ananipakulia chakula cha kumtosha ndege, kisha ananilaumu kwamba nimebakiza. Nabakiza nini, na sahani iko tupu? Na fundi aliyeujenga mlango wa chumba hiki aliujenga kwa ajili ya paka. Bega langu la kushoto limekuwa na rangi ya bilinganya kwa kuugonga. Wageni wanakuja, wanainamisha kichwa pembeni na kuniuliza taratibu kama wanaongea na mtoto, "Unaendeleaje?" Natamani kuwatapikia miguuni.

Tengeneza hiyo kompyuta.

Dada yako


4 Machi

Dada, shikamoo.

Kompyuta kweli inazima. Inaandika "Memori imejaa," kisha dirisha la mchezo linafungwa lenyewe. Ni ile kuukuu ya karakana, unajua.

Jana sikuwa na hali hata ya kuigusa. Niliitwa bucha moja ambako friji kubwa lilikufa Ijumaa na mwenyewe alikuwa safarini mpaka Jumanne. Nilipofungua mlango, nyama ilikuwa inatembea. Sisemi uongo, ilikuwa inatembea. Miaka kumi na minane ya ufundi wa mafriji na bado nilikimbilia nje kama mwanafunzi. Mpaka leo nanawa kwa ndimu na harufu iko palepale kwenye kucha.

Kuhusu kazi, mbona haraka hivyo? Mechi za vifuniko na dawa za watoto ni vitu viwili, Dada. Kwa nini usimwombe daktari akupime tena, tena vizuri, kwa vifaa vyao? Na mchezo tunaweza kuupumzisha kwanza mpaka nipate kompyuta nyingine. Haraka haraka haina baraka.

Msalimie Shangazi.

Mdogo wako, Fundi Friji


5 Machi

Kwa mtunzaji wa programu ya michezo ya ubao,

Anwani yako nimeipata chini kabisa ya ukurasa wenu, imeandikwa kwa herufi ndogo kama mtu anayejificha.

Mimi na mdogo wangu tunatumia programu yenu kucheza mchezo tulioubuni wenyewe utotoni. Yeye ana vifuniko vya soda ishirini vyekundu, mimi ishirini vya buluu. Kila kifuniko kina namba kwa chini, kubwa hula ndogo, na kimojawapo hakina namba: hicho ndicho hazina. Ukikiteka cha mwenzako, umeshinda. Kila mtu anaona namba zake tu. Mdogo wangu alivipiga picha vifuniko vyetu vyenyewe, akaviingiza kwenye programu yenu, na mwezi wa Desemba nilipotoka hospitali alikuja akaniwekea kila kitu. Anakaa mji mwingine.

Sasa yake inajifunga katikati ya mechi na kuandika "Memori imejaa." Yangu haina shida. Nimesoma maelekezo yenu kurasa thelathini na moja na sijapata hata sentensi moja iliyoandikwa na mtu anayewapenda binadamu.

Nina sababu kubwa ya kutaka mechi tatu zilizobaki zichezwe mwezi huu. Naomba msaada.

Mfamasia


6 Machi

Bi. Mfamasia,

Programu hii haiuzwi. Msimbo wake uko wazi, anayetaka kuurekebisha ruksa, na katika miaka sita wamejitokeza watatu, wawili kati yao wakaharibu. Naitunza baada ya kazi, na kazi yangu ni kufundisha hesabu watoto arobaini na wanane ambao nao hawasomi maelekezo. Leo asubuhi nimepokea barua ishirini na mbili. Mmoja ameniita mwizi. Nimemwibia nini mtu niliyempa kitu bure, sijui.

Tatizo lako nalijua bila kuliona. Mdogo wako amepiga picha kwa simu na kuziingiza zikiwa na ukubwa wake wote. Picha moja ya namna hiyo ikifunguliwa inakula megabaiti karibu hamsini za memori, hata kama kwenye ubao inaonekana ndogo kama punje ya mahindi. Zidisha mara arobaini. Azipunguze zote mpaka upana wa nukta mia moja. Hili limeandikwa ukurasa wa tisa, kwa herufi nzito.

Kisha afungue Mipangilio aangalie programu imetengewa memori kiasi gani. Kitufe kiko kushoto, juu, kina picha ya gurudumu lenye meno.

Mtunza Programu


11 Machi

Bwana Mtunza,

Picha zimepunguzwa. Ilimchukua mdogo wangu siku nne na kusukumwa na mimi kwa simu asubuhi na jioni. Amecheza dakika arobaini badala ya ishirini, kisha ikajifunga tena. Hatua moja mbele, lakini shimo ni lilelile.

Kuhusu Mipangilio: nilitaka kwanza nikitafute kitufe hicho kwangu, ili nimwelekeze hatua kwa hatua. Hakipo. Juu kuna "Msaada," kuna "Ondoka," kuna saa. Gurudumu lenye meno hakuna. Nadhani mmelitoa kwenye toleo hili mkasahau kubadilisha maelekezo, jambo ambalo halitanishangaza hata kidogo.

Mfamasia


11 Machi

Bi. Mfamasia,

Sijalitoa. Liko kushoto, juu.

Mtunza Programu


12 Machi

Bwana Mtunza,

Nimeangalia tena nikiwa nimevaa miwani, nikiwa nimevua miwani, na nikiwa nimekasirika. Hakipo. Nakutumia picha ya skrini yangu ujionee aibu yako.

Mfamasia


13 Machi

Bi. Mfamasia,

Nimeipokea picha uliyotuma ili nione aibu. Kitufe kimo ndani yake. Kiko kushoto, juu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, rangi ya chungwa. Mwanangu wa miaka minne amekionesha kwa kidole chenye jamu, na jamu yenyewe bado iko kwenye skrini yangu.

Kuna siku huwa najiuliza kwa nini nisiifute programu hii nikafuga kuku. Fumbua macho, mama. Sina njia nyingine ya kulisema.

Tuache hicho kitufe. Mwambie mdogo wako anitumie faili la matukio. Programu huandika humo kila inachokifanya: imefunguliwa saa ngapi, nani amekaa kiti gani, memori imeishia wapi. Limo kwenye folda ya mchezo, ni faili moja tu lenye maandishi matupu. Likisomwa, ugonjwa unajulikana.

Mtunza Programu


14 Machi

Mdogo wangu,

Huyo mtunza programu ni mjeuri, sijapata kuona. Ananiambia nifumbue macho. Mimi! Niliyekuwa natambua vidonge viwili vyeupe vinavyofanana kwa kuviona tu mkononi mwa nesi. Kama si shida yetu ningemjibu jibu ambalo angemsomea mkewe.

Ila anajua kazi yake. Anataka faili la matukio kutoka kompyuta yako. Nitumie leo, nami nitampelekea. Usianze habari za kompyuta kuukuu na tupumzike kwanza. Jana tumemaliza ya kumi na tatu kwa taabu, umefungwa, zimebaki mbili. Mkuu ameshanunua koti jipya jeupe lenye cheo changu kifuani. Shangazi amelia alipoliona. Unajua Shangazi analia hata kwa habari ya hali ya hewa, lakini mimi nami nilikwenda chooni nikajifungia kidogo.

Faili. Leo.

Dada yako


15 Machi

Dada, shikamoo.

Nimekutumia hilo faili. Nimelifungua nikaona namba tupu na vistari, kama risiti ya kuzimu. Sijui atasoma nini humo.

Dada, lile la kupimwa tena na daktari, umefikiria? Nakuomba. Si kwa ubaya. Mwambie tu akupime na macho.

Mdogo wako


17 Machi

Bi. Mfamasia,

Ugonjwa umejulikana, na si picha wala Mipangilio.

Kompyuta ya mdogo wako ina gigabaiti mbili za memori. Programu yangu hujitengea moja. Moja inatosha kabisa kwa mchezo wenu. Lakini yeye hafungui programu mara moja, anaifungua mara mbili kwa pamoja. Nakunukulia siku ya tarehe 1: saa kumi na moja jioni na dakika mbili, nakala ya kwanza, kiti cha Nyekundu. Saa kumi na moja na dakika tatu, nakala ya pili, kiti cha Buluu, neno la siri sahihi. Saa kumi na moja na dakika ishirini na sita, memori imekwisha. Kila siku iliyomo humo ni hivyohivyo, tangu Desemba. Mwambie afungue moja tu, na hatasumbuka tena.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini umesema Buluu ni wewe, na ninaona hizi ni saa zenu za kucheza. Kiti kimoja kinaweza kutazamwa na watu wawili wenye neno la siri moja. Niliacha hivyo kwa ajili ya wanaocheza kwa timu. Mimi si hakimu wala sitaki kuwa. Badilisha neno lako la siri.

Mtunza Programu


18 Machi

Wewe,

Leo sikuiti mdogo wangu.

Nimelisoma faili lako mwenyewe, mstari kwa mstari, toka wa kwanza. Neno langu la siri uliliweka wewe, kwa mikono yako, huku mimi nimefungwa bendeji kichwani nikikushukuru. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikivaa mwenyewe.

Mwanzoni nilidhani umeniibia. Nikawa nakutukana jikoni kwa sauti. Halafu nikahesabu. Umezitazama namba zangu mechi kumi na tatu, na mechi kumi na tatu umefungwa. Mwizi gani anaingia dukani usiku ili aongeze bidhaa? Ndipo nikaelewa. Ulikuwa unatazama ilipo namba yangu kubwa ili uilaze ndogo yako mbele yake. Ulikuwa unatazama ili ujue pa kufia.

Ungenidanganya ili unishinde, ningekutukana wiki nzima, kisha tungecheka. Hili silichekei. Wale wanaoinamisha kichwa na kuniuliza "Unaendeleaje" angalau wanafanya mbele ya uso wangu. Wewe umefanya nyuma ya ubao, kwa miezi mitatu, huku ukiniandikia "Duh, Dada, umeninyoa bila maji." Nimezisoma tena barua zako zote. Ninaona kinyaa. Ninaona kinyaa hata kwa furaha yangu mwenyewe, maana nililala usingizi mzuri kwa ajili ya ushindi ulioutupa wewe mlangoni kama mabaki ya mbwa.

Unakumbuka ulipougua surua? Ulikuwa na miaka saba, macho hayafunguki, mama akaniambia nikuachie mechi moja tu ufurahi. Nilikataa. Nilikufunga mara sita kitandani, ukalia, mama akanichapa. Nilimwambia, "Siku akinifunga atajua amepona." Na siku ya tisa ulinifunga, ukakimbia uani na surua yako ukipiga kelele kijiji kizima kisikie. Mimi nilikupa hilo. Wewe umenipa nini?

Tarehe 7 Aprili ningeingia wodini. Umefikiri kuhusu watoto wale hata siku moja?

Nataka kujua jambo moja tu. Ni kitu gani uliona kwangu, mpaka ukaona sistahili kuchezewa kama mtu?


21 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu zilikuwa za kujitetea nimezifuta, nilipozisoma zilinuka kuliko lile friji la bucha.

Nitakwambia nilichoona. Unakumbuka mechi yetu ya kwanza kabisa, wiki uliyotoka hospitali? Wewe ulikuwa chumbani kwako, mimi sebuleni kwa Shangazi na kompyuta yangu. Nilikupandia kwa ukingo wa kushoto, vifuniko vinne, wazi kabisa, bila ujanja wowote. Nilikusubiri unizuie. Hukunizuia. Nilichukua hazina yako kwa dakika tisa, nawe ukapiga kelele kutoka chumbani, "Hivyo vimetoka wapi?" Nikacheka. Nikasema programu imekwama, hiyo mechi haihesabiki. Tukaanza upya, nikapanda tena kushoto ili nihakikishe. Ikawa vilevile. Dada, huoni kushoto.

Siyo macho, macho yako mazuri. Ni kama upande ule haupo. Nilianza kukutazama. Kwenye sahani unakula upande wa kulia tu, unasema umemaliza. Shangazi akiizungusha sahani unasema, "Kumbe kuna kingine." Bega lako linalogonga mlango ni la kushoto, kila siku, na mlango ule umeupita miaka ishirini. Juzijuzi uliponiambia kwa simu kwamba mtunza programu amekitoa kitufe cha kushoto, juu, nilikaa chini kwenye sakafu ya karakana.

Tangu mechi ile sijakushambulia kushoto hata mara moja. Nilifungua kiti chako ili nijue niende wapi, nisije nikakuumiza kwa bahati mbaya, na nishindwe kwa namna ambayo usingeshtukia. Nilidhani ni ya muda, itarudi yenyewe. Nilidhani madaktari wameshaona, na mimi kazi yangu ni kukufurahisha. Ulipoandika habari ya mechi kumi na tano nilijua nimekwisha. Kila jioni nilikaa nikasema leo nampandia kushoto, ajue. Kila jioni mkono ulikataa. Kompyuta ilipozima nilishukuru. Nilikuwa naushukuru ubovu wake, Dada, mimi fundi.

Watoto wale sikuwafikiria. Nilikufikiria wewe. Sasa ninawafikiria kila nikifumba macho: rafu ya dawa, na nusu yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha yako, na nusura kiwaumbue watoto wa watu. Nimemwandikia Shangazi akupeleke hospitali. Mwonyeshe daktari barua hii. Nitukane ukirudi, lakini nenda.

Mdogo wako, kama bado


30 Machi

Bwana Mtunza,

Kitufe kipo. Kilikuwepo siku zote.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiye mtu pekee katika jambo hili ambaye hakunionea huruma.

Nimepelekwa kwa daktari mwingine, mama mmoja mkali, mwenye kucha fupi. Alinipa karatasi akaniambia nichore saa. Nilichora saa nzuri sana, mviringo safi, namba zote kumi na mbili. Akaizungusha karatasi akaniuliza, "Unaona nini?" Namba zote kumi na mbili zilikuwa zimebanana upande wa kulia kama watu wanaokimbia mvua. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe. Niliikunja karatasi ile nikaitia mkobani.

Anasema pikipiki ilikigonga kichwa changu mahali panapoangalia upande ule. Anasema kuna mazoezi, na watu wengi hurudi, polepole, wengine wote, wengine kiasi. Koti jeupe nimelirudisha. Mkuu aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia tangu nimjue sijawahi kuwa na hakika kama hiyo.

Uliniambia nifumbue macho. Sikasiriki tena. Ulikuwa unasema kweli usiyoijua.

Mfamasia


1 Aprili

Bi. Mfamasia,

Barua yako nimeisoma darasani wakati watoto wakifanya jaribio, nikasahau kuwaambia muda umekwisha. Walifurahi.

Sijui kuomba radhi vizuri, mke wangu atakuthibitishia. Lile la kufumbua macho nimelirudia kichwani siku mbili sasa na linanichoma. Nimewaandikia watu mia kadhaa maneno kama hayo. Najiuliza wangapi kati yao walikuwa hawaoni kweli.

Naweza kukihamisha hicho kitufe. Ni kazi ya jioni moja: mtumiaji atachagua kama Mipangilio ikae kushoto au kulia. Kwako kingekuwa kulia kesho.

Mtunza Programu


2 Aprili

Bwana Mtunza,

Wengine wahamishie. Mimi usinihamishie. Kiache palepale.

Daktari amenipa zoezi la kutafuta vitu kushoto kila siku, mara ishirini, kwa kugeuza kichwa na kuhesabu. Vitu vyake ni picha za tembo na mipira, vya kitoto, vinanitia hasira. Nimemwambia mimi ninacho changu, cha rangi ya chungwa. Leo nimekipata mara tatu katika ishirini.

Mfamasia


19 Juni

Mdogo wangu,

Ndiyo, nimekuita hivyo. Usianze kulia, hiyo ni kazi ya Shangazi.

Hatujaandikiana kwa miezi mitatu, tumecheza tu. Nilitaka iwe hivyo. Neno la siri jipya, nakala moja, na faili la matukio kila baada ya mechi, bila salamu. Umelituma kila mara na nimelisoma kila mara, mstari kwa mstari. Mtunza programu anasema mimi ndiye mtumiaji pekee duniani anayesoma faili lile kwa hiari.

Mechi kumi na sita, umenifunga kumi na sita. Zile za kwanza ulinipandia kushoto na kunimaliza kabla chai haijapoa, na najua jinsi ulivyosita, maana kati ya hatua na hatua faili linaonesha dakika tatu, dakika nne. Bado ulicheza. Nilikuwa nasoma dakika zile huku nimekunja uso, na bado nilikuwa na kinyaa. Kilipungua taratibu kama harufu ya friji lako kwenye kucha. Sijui kama kimekwisha chote. Siku nyingine naamka kimerudi.

Mkanda mwekundu niliubandika ukingo wa kushoto wa skrini, wa meza, na wa mlango. Sitakiwi kuendelea na kitu mpaka niuone mwekundu. Mwezi wa Aprili nilikuwa nauona kwa bahati. Sahani naizungusha mwenyewe sasa. Bega limerudi rangi yake. Kitufe cha yule mjeuri, jana, kumi na tisa katika ishirini. Daktari wa kucha fupi anasema Septemba tutazungumza habari ya kazi, kwanza stoo, na mtu wa kuhakiki pembeni yangu. Nimekubali. Nitamwomba awe mtu asiyenipenda.

Basi, mechi ya leo. Umeniachia zamu yangu tangu saa kumi na umekwenda kwenye friji la watu ukidhani utanikuta nimeshacheza upande wa kulia kama kawaida. Nimekaa. Nimegeuza kichwa mpaka nimeuona mkanda. Kisha nimeanza kuhesabu kutoka hapo, kifuniko kimoja kimoja, kuja ndani.

Kifuniko chako chekundu, ukingo wa kushoto kabisa, mstari wa tatu. Umekitambaza kidogo kidogo mechi nzima. Namba yake siijui, na wewe safari hii huijui yangu iliyo mbele yake.

Nimekiona, mdogo wangu. Nimecheza. Ni zamu yako, na ukinihurumia nitajua.

Salamu zangu za tangu Machi, nilizokunyima zote, zichukue hapa.

Dada yako